Kitunguu cha kuchemsha: kisu kimetangulia, au moto?

Ukiagiza mchemsho wa samaki Dar es Salaam, iwe Kinondoni au Mbagala, utaletewa bakuli lenye kipande cha changu au kolekole, viazi, karoti, hoho, pengine ndizi, na mahali fulani chini ya vyote hivyo, kitunguu. Mara kizima, mara nusu, mara kimeachana tabaka kwa tabaka na kuelea juu ya supu. Nimeangalia mara nyingi mabakuli yanavyorudi jikoni. Samaki amebaki mifupa, viazi vimekwisha, supu imenywewa mpaka tone la mwisho, kitunguu kipo vilevile. Huwa inaniuma, kwa sababu kitunguu kilichochemshwa vizuri ni kitamu kuliko viazi vyote vilivyokizunguka.

Shida ni hilo neno "vizuri". Kwa wapishi wengi wa hapa mjini kitunguu ni cha kuungia. Kinakatwakatwa, kinaingia kwenye mafuta ya moto, kinageuka rangi, nyanya zinamwagwa juu yake, na hakuna anayekiona tena. Kisipokuwa cha kuungia basi ni cha kachumbari. Chakula cha chukuchuku, kilichochemshwa tu bila mafuta, tumezoea kukihesabu kuwa cha mgonjwa, kwa hiyo hakuna aliyekaa chini akatufundisha namna ya kuchemsha kitunguu. Tunakitumbukiza sufuriani pamoja na vingine tukisubiri kitakachotokea. Leo kinatoka laini na kitamu, kesho kina harufu ya kabichi lililolala, keshokutwa kinateleza nje huku ndani kigumu. Mpishi ni yuleyule na vitunguu ni vya genge lilelile.

Nilipoanza kufuatilia kwa nini iwe hivyo, niliona kwamba karibu mambo yote yanarudi kwenye swali moja: kati ya kisu na moto, ni kipi kilichokifikia kitunguu kwanza?

Chukua kitunguu kizima kikavu, kisogeze puani. Hakinuki. Utasikia harufu ya vumbi na ya maganda, basi. Ule ukali tunaoujua haumo ndani ya kitunguu kizima. Unatengenezwa papo hapo kisu kinapopita. Ndani ya kila seli ya kitunguu kuna vitu viwili vilivyotengwa kama wapangaji wa vyumba viwili. Upande mmoja kuna viambata vyenye salfa visivyo na harufu. Upande wa pili, kwenye kifuko chake, kuna kimeng'enya, fundi wa kugeuza kitu kimoja kuwa kingine, kiitwacho aliinezi. Maadamu ukuta umesimama, havikutani. Kisu kikiubomoa vinachanganyika, na kufumba na kufumbua unazaliwa mlolongo wa viambata vipya vikali, mmojawapo ukiwa ule mvuke unaopanda machoni na kututoa machozi. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba aliinezi ndiyo inayofanya kazi yote hiyo. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walionyesha kuwa kuna kimeng'enya cha pili chenye kazi mahususi ya kutengeneza kile kinacholiza, na ugunduzi huo ukapewa mwaka 2013 tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha. Kwa mmea wenyewe, hii ni silaha: mdudu anayetafuna anakutana na ukali ambao hakuukuta alipokuwa ananusa.

Sasa mlete moto. Vimeng'enya ni protini, na protini ikipata joto kali inabadilika umbo isirudi tena, kama ute wa yai unavyoganda. Kitunguu kizima kikiingia kwenye maji yanayochemka, joto linapenya tabaka moja baada ya jingine na kukikuta kimeng'enya kingali kimefungiwa chumbani mwake. Kuta za seli zinapokuja kulegea na kila kitu kuchanganyika, kimeng'enya kimeshapoteza nguvu. Malighafi ya ukali ipo, lakini fundi wa kuigeuza hayupo tena. Ukali hauzaliwi.

Kinachobaki mdomoni ni sukari. Na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo, wakidhani kuchemsha kunaongeza utamu. Haukuongezeka. Kitunguu kibichi ni maji karibu gramu 89 katika kila 100, na kina kama gramu 4 za sukari ambazo zilikuwemo tangu kilipong'olewa shambani. Ulimi ulikuwa hauzisikii kwa sababu ya ukali uliokuwa juu yake. Ukali usipokuwepo, sukari inajitokeza.

Kitunguu kilichokatwa kabla ya kufika motoni kina habari nyingine. Hapo ukali umeshazaliwa kwenye kibao cha kukatia, maji yanachokipokea ni kitunguu ambacho tayari kimefyatua silaha zake. Sehemu ya viambata hivyo inapanda na mvuke na kuondoka, ndiyo maana jikoni kunanuka mno dakika chache za kwanza. Sehemu nyingine inabaki ndani ya maji na kugeuka tena na tena. Ukifunika sufuria kwa mfuniko mzito na kuiacha itokote muda mrefu, unapata ile harufu nzito ya kabichi. Lakini kuna jambo jema pia linalotokea humo, na ni jambo lililonifanya niandike makala hii.

Mwaka 2000 wanasayansi walichapisha utafiti uliotambua ndani ya vitunguu kiambata kimoja cha salfa chenye harufu na ladha inayofanana na supu ya nyama. Kipo kidogo mno, lakini pua na ulimi wa binadamu vinakisikia hata katika kiwango hicho. Kinatokana na mlolongo uleule unaoanzishwa na kisu: bila kukatwa hakipatikani kwa wingi, na kinahitaji muda na joto ili kijengeke. Tena kinapenda kubaki ndani ya maji kuliko kupanda na mvuke. Maana yake ni kwamba kitunguu kilichokatwakatwa, kikaachwa kidogo kibaoni, kisha kikachemshwa taratibu, kinaipa supu ladha ya nyama hata kama sufuriani hakuna nyama.

Nilitaka kulijua hili kwa ulimi wangu. Nikachukua vitunguu viwili vyekundu vya ukubwa sawa, kila kimoja na sufuria yake ndogo, na maji vikombe viwili kila moja. Cha kwanza nilikimenya nikakiacha kizima. Cha pili nilikikatakata vipande vidogo, nikavisambaza kwenye sahani, nikavingoja dakika kumi huku macho yananiwasha. Chumvi ni ileile, moto ni uleule mdogo, dakika 40. Maji ya kitunguu kizima yalitoka mepesi, yana rangi hafifu ya zambarau, ukiyaonja yana utamu wa mbali na hayana la kukumbukwa. Kitunguu chenyewe sasa: niligusa kwa kijiko kikafunguka, na katikati pale, ule moyo wake mdogo, ulikuwa laini kama papai lililoiva. Sufuria ya pili ilikuwa kinyume chake. Vipande vilikuwa vimenyong'onyea, vinateleza, havina ladha ya maana. Lakini maji yake! Yalikuwa na rangi ya chai iliyopauka, na jirani aliyepita dirishani aliuliza leo kuna supu ya nini.

Kwa hiyo kitunguu cha supu na kitunguu cha kula ni vitunguu viwili tofauti, hata kama vimetoka fungu moja. Anayetaka vyote viwili kutoka kwa kitunguu kimoja ndiye anayeishia na kitunguu kisicho na ladha ndani ya maji yasiyo na ladha. Mchemsho mzuri una kitunguu kimoja kilichokatwakatwa kinachotangulia sufuriani kuijenga supu, na vingine vizima vya kuliwa.

Kipi ununue

Ukipita masoko ya Ilala, Mabibo au Buguruni utasikia majina ya mashamba: Mang'ola, kule Karatu karibu na Ziwa Eyasi, Ruaha Mbuyuni, ambako mabasi ya Iringa na Mbeya yakisimama abiria wanaletewa vitunguu madirishani, Singida. Vingi ni vyekundu, vimekaza, na vikali. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuchemsha utafute kitunguu kisicho kikali. Ni kinyume.

Ukali wa kitunguu hutegemea kiasi cha salfa kilichopo ardhini, pamoja na maji na joto shambani. Kilichokua kwenye udongo wenye salfa kidogo na maji mengi kinakuwa cha upole. Mfano unaojulikana sana ni vitunguu vya Vidalia katika jimbo la Georgia, Marekani, vinavyoliwa vibichi kwa sababu udongo wa huko una salfa kidogo. Lakini upole huo mara nyingi unakuja pamoja na maji mengi ndani ya kitunguu. Vitunguu vikali vya kuhifadhiwa huwa na maji pungufu na vitu vikavu zaidi, zikiwemo sukari. Kikiwa kibichi huzisikii. Kikichemshwa kizima, ukali usipate nafasi ya kuzaliwa, kile kilichokuliza ndicho kinachoshinda kwa utamu. Sioni sababu ya mtu wa Dar kutafuta vitunguu vya bei kubwa kutoka nje kwa ajili ya mapishi haya.

Angalia shingo yake. Iwe nyembamba na kavu. Shingo nene yenye unyevu inaoza upesi katika joto na unyevunyevu wa pwani. Kinachoanza kuchipua kiache, kwa kuwa sukari yake imekwenda kulisha majani. Na ukimenya ukakuta unga mweusi chini ya ganda, huo ni ukungu unaopenda joto kama letu. Ukiwa umeshika ganda la juu tu, toa tabaka hilo, osha, endelea. Ukiwa umeingia ndani, tupa. Nyumbani viweke kwenye kikapu au ungo panapopita hewa, visifungiwe.

Maji, ndimu na rangi

Kuna nyumba nyingi mjini zinazotumia maji ya kisima, yale tunayoyaita maji ya chumvi. Aliyewahi kuchemsha maharage kwa maji hayo anajua: gesi inakwisha, maharage yanakutazama. Kisa chake ndicho kisa cha kitunguu pia. Seli za mimea zimegandishwa pamoja na kitu kiitwacho pektini, gundi inayoyeyuka taratibu kwenye maji ya moto, na kuyeyuka kwake ndiko tunakokuita kuiva. Maji magumu yana madini ya kalsiamu, na kalsiamu inaishikisha gundi hiyo. Maji ya bomba yanayotoka Mto Ruvu kwa kawaida hayakusumbui hivyo. Ukiwa na maji ya kisima pekee, ongeza muda, au tumia maji ya kunywa ya dukani kwa sufuria hii moja.

Uchachu wa ndimu, ukwaju na nyanya nao unaikaza pektini. Hili ni kosa ninaloliona kila mara kwenye mchemsho: nyanya na ndimu vinaingia mwanzoni pamoja na vitunguu, halafu mpishi anashangaa kwa nini samaki ameshapasuka na vitunguu bado vinalia mdomoni. Ngoja vitunguu vilainike, ndipo ulete nyanya. Ndimu isubiri mezani.

Magadi yanafanya kinyume. Kitunguu kitalainika haraka mno, kitakuwa uji, na rangi yake itakwenda kwenye ubuluu wenye ukijani usiovutia. Usiyatie.

Rangi yenyewe inastahili maelezo kidogo, maana vitunguu vyetu vyekundu vikichemshwa hupauka, na wengi huona kama vimeharibika. Wekundu ule unatokana na anthosayanini, rangi inayobadilika kufuatana na uchachu wa kilichoizunguka. Kwenye uchachu inang'aa kwa wekundu, ndiyo maana kachumbari ikikamuliwa ndimu inageuka waridi baada ya dakika chache. Kwenye maji matupu ya moto inatoka kwenye kitunguu na kilichobaki kinakuwa cha kijivu. Kikamulie ndimu kitunguu kilichokwisha kuiva, kikiwa sahanini, uone wekundu uliobaki unavyorudi mbele ya macho yako. Watoto hulipenda sana jambo hili.

Wenzetu walio nyanda za juu waongeze dakika. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100 za hapa kwetu ufukweni.

Jikoni kwa shangazi

Niliyoyasema hadi hapa niliyapata baadaye, kwa kusoma na kujaribu. Aliyenionyesha kwa mikono ni shangazi yangu wa Temeke, ambaye hakuwahi kutaja kimeng'enya chochote. Nilimwendea baada ya Jumapili moja iliyonisikitisha. Nilikuwa na wageni, nimewaahidi vitunguu vya nazi. Nilivikata vitako vyote nilipokuwa namenya, nikavichemsha kwa moto mkali, tui likaingia likiwa linafoka pamoja na ndimu. Kilichofika mezani ni vipande vilivyosambaratika ndani ya tui lililokatika, mafuta juu na maji chini. Wageni walikula kwa adabu.

"Umekikata kitako?" ndilo swali lake la kwanza. Nikasema ndiyo. "Sasa mwanangu, nyumba ukiitoa msingi itasimama?"

Kitako, pale mizizi ilipotokea, ndipo matabaka yote yaliposhikana. Shangazi hupunguza mizizi mikavu tu, juujuu, kitako kinabaki. Halafu kwa ncha ya kisu anachora alama ya msalaba juu ya kitako hicho, kina chake kisizidi nusu ya ukucha. Alama hiyo inaruhusu joto kuingia chini, mahali palipo pagumu kuliko pote, na inapunguza ule mtindo wa moyo wa kitunguu kuchomoka juu katikati ya mapishi.

Kabla ya hapo kuna namna yake ya kumenya. Vitunguu vinawekwa kwenye bakuli na maganda yake, vinamwagiwa maji yanayochemka, vinakaa dakika moja, vinatolewa na kupozwa. Ganda linavuka kwa kidole. Machozi ni machache mno, na sasa naelewa sababu: moto umetangulia, umeshaanza kuvimaliza nguvu vile vimeng'enya vya tabaka la juu.

Vichague vya ukubwa mmoja, maana vikitofautiana kimoja kitakuwa uji kabla mwenzake hajaiva. Maji yachemke kwanza, chumvi kijiko cha chai kwa kila lita, yafunike vitunguu kabisa. Vikishaingia, maji yakirudi kuchemka, punguza moto. Kwenye jiko la mkaa shangazi huondoa makaa mawili matatu pembeni. Maji yawe yanatikisika tu, mapovu madogo yanapanda mojamoja, kwa sababu yakifoka yanavigonganisha na matabaka ya nje yanachanika. Mfuniko uwe wazi kidogo. Vya ukubwa wa ndimu vinataka dakika 15 hadi 20. Vya ukubwa wa ngumi ya mtoto, 25 hadi 35. Choma kwa kijiti cha meno mpaka katikati: kikiingia kama kwenye siagi, tayari, kikikwama moyoni, bado.

Kuna hatua moja ambayo sijaona wengi wakiifanya. Shangazi akivitoa anavipanga kwenye chujio kichwa chini, kitako juu, na kuviacha dakika tano. Matabaka ya kitunguu yanabeba maji mengi kati yake. Ukivitia kwenye tui moja kwa moja, yale maji yanatoka humo na tui linakuwa jepesi la kusikitisha.

Kuandaa mezani

Njia rahisi kuliko zote: kitunguu kizima cha moto kwenye sahani, kipasue juu, weka samli nusu kijiko, chumvi, pilipili manga, kamulia ndimu. Kula na samaki wa kuchoma. Basi.

Vitunguu vya nazi vinataka utulivu zaidi. Wamarekani kwenye sikukuu yao ya Shukrani huandaa vitunguu vidogo vyeupe vya kuchemsha ndani ya mchuzi mzito wa maziwa, na Waingereza nao wana vitunguu vyao vya kuchemsha vya mchuzi mweupe. Sisi tuna nazi, na kwa maoni yangu nazi inakaa na kitunguu vizuri kuliko maziwa. Kwa vitunguu vinane vya ukubwa wa ndimu, chukua nazi moja uikune. Kamua tui zito, lile la kwanza, liweke kando. Kamua tena upate tui jepesi kama vikombe viwili. Tui jepesi ndilo linaloanza sufuriani na vitunguu vilivyochujwa maji, chumvi, na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa kwa ajili ya harufu. Moto mdogo, dakika nane hivi. Tui zito linaingia mwisho, unakoroga polepole ukizungusha mwiko pembeni ya vitunguu bila kuvigonga, na linapotikisika mara ya kwanza tu, epua. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji yakishikiliwa na protini. Moto mkali au uchachu ukizigandisha protini hizo, mafuta yanajitenga. Ndivyo nilivyoliharibu langu. Ndimu mezani, narudia.

Usitegemee mchuzi huu uwe mzito kwa sababu ya vitunguu. Viazi huongeza uzito kwa wanga wake, lakini kitunguu hakihifadhi wanga. Akiba yake ni fruktani, minyororo mifupi ya sukari inayoyeyuka kwenye maji. Hizo fruktani ndizo zinazowajaza gesi baadhi ya watu, kwa kuwa utumbo wetu mwembamba hauwezi kuzimeng'enya na bakteria wa utumbo mpana wanazichangamkia. Kwa kuwa zinayeyuka, sehemu yake hubaki ndani ya maji ya kuchemshia. Mwenye tumbo linalojaa ale kitunguu aache supu, na ale kidogo kwanza. Kwa upande mwingine, kwesetini, kiambata ambacho wanalishe hukitaja sana wanapozungumzia vitunguu, nacho huhamia majini bila kuharibiwa na moto, kwa hiyo asiye na shida ya tumbo na ainywe supu yote. Vitamini C haikuwa nyingi tangu mwanzo, na kuchemsha kunaipunguza zaidi.

Maji ya vitunguu yanayotangazwa kwenye makundi ya simu kuwa yanaponya kisukari na shinikizo la damu ni jambo linalonitia hofu kwa dhati. Nimeona mtu mzima akiacha vidonge kwa ajili ya glasi hiyo. Ni supu, na ni supu nzuri. Vidonge viendelee kama daktari alivyoandika.

Vikibaki, vya nazi visilale jikoni. Katika joto la Dar tui linachacha kabla hujaamka. Viingie kwenye friji siku hiyohiyo na viliwe kesho yake. Vilivyochemshwa bila nazi ni vizuri zaidi vikiwa baridi: vikate vinne, siki kidogo, chumvi, mayai ya kuchemsha pembeni, na kipande cha mkate.

Na mabaki ya bakuli la mchemsho tunayoyamwaga nje kwa ajili ya paka na mbwa, toa vitunguu kwanza, na supu yake usiwape. Viambata vya salfa vinavyopatikana kwenye vitunguu huharibu seli nyekundu za damu za wanyama hao, na kuchemsha hakuviondoi.